Hita ya gesi inachoma, kisha inazima mtu akiwa na povu kichwani

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, na baada ya miaka mingi ya kuhamishwa kambi hadi kambi nimejenga nyumba ndogo hapa Kabale, ambako, kama unavyojua, maji ya alfajiri si ya kuchezea. Mwaka jana watoto walituchangia fedha tukanunua Kampala ile hita ya gesi ya kutundika ukutani, ambayo muuzaji aliiita boila. Ni ya lita 6 kwa dakika, inatumia mtungi wa gesi wa kilo 6 na betri mbili kubwa. Fundi aliifunga ndani ya bafu, kando ya dirisha, akasema hapo ndipo mahali pake kwa sababu bomba linakuwa fupi na maji hayapoi njiani.

Miezi ya mwanzo tulifurahi, lakini sasa imekuwa adha. Saa 12 asubuhi nikifungua maji ya moto, hita inatoa ile sauti ya ta-ta-ta, moto unawaka, na muda si mrefu maji yanatoka ya kuchoma hata mkono hauwezi kukaa. Nikifungua maji baridi kidogo ili niyapooze, moto unazima papo hapo na maji yote yanakuwa baridi, nami nimesimama na povu kichwani. Nikifunga ya baridi inawaka tena, na kuchoma tena. Kinachonishangaza ni kwamba saa 9 alasiri hita hiyohiyo inafanya kazi bila tatizo. Maji ya mjini hutufikia mchana tu, yanajaza tangi la lita 1,000 lililo juu ya stendi ya chuma ya mita 3 hivi, na mabomba yote ya nyumba, ya baridi na ya moto, yanatoka kwenye tangi hilo. Kitufe chenye picha ya tone la maji nimekizungusha hadi mwisho, upande wa joto kubwa, kwa sababu ya baridi ya huku.

Fundi wa kwanza alisema bodi ya umeme imeungua, ninunue hita mpya. Wa pili alisema gesi haina nguvu, niweke regyuleta kubwa kama ile ya wapishi wa hotelini. Nimwamini yupi? Na je, ni kweli kwamba hita hizi hazifai nyanda za juu?

Jambo dogo la mwisho: mke wangu hulalamika kwamba kichwa kinamuuma akitoka kuoga, hasa siku za baridi tunapofunga dirisha, na bati la juu ya hita limeanza kuwa jeusi. Yeye anadhani ana presha.

Mstaafu, Kabale

JIBU

Afande, nitaanza na lile uliloliweka mwisho na kuliita dogo, kwa sababu katika barua yako yote ndilo linaloweza kuua. Zimeni hita hiyo leo, fungeni koki ya mtungi, na msiiwashe tena mpaka itolewe bafuni.

Weusi juu ya bati, na kichwa kinachouma dirisha likifungwa, ni dalili za moto unaokosa hewa. Gesi ya mtungi ikiungua vizuri, moto wake huwa wa buluu na hutoa mvuke wa maji na hewa ukaa. Ikikosa hewa ya kutosha, moto hugeuka manjano, huacha masizi, na hutoa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na sigiri ya makaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Harufu ya gesi tunayoijua sote imetiwa makusudi ili tuitambue gesi inayovuja kabla ya kuungua, kwa hiyo pua ya mtu haiwezi kumwonya juu ya moshi huu. Kaboni monoksidi hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kulegea, naye yuko peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo huku maji yakiendelea kumwagika kana kwamba bado anaoga. Mama apimwe presha, hakuna ubaya, lakini amweleze daktari habari za hita pia, maana asipoambiwa si rahisi akisie.

Hita ya namna yako, isiyo na bomba la kutolea moshi, mahali pake ni nje: ukutani kwenye baraza la nyuma, chini ya paa ili mvua isiifikie, mahali ambapo upepo hauipigi usoni na ukazima moto, na mbali na dirisha la chumba cha kulala. Zile zenye bomba la moshi linalotokeza nje ya ukuta zinaweza kukaa ndani ya chumba chenye hewa tele, ingawa bafuni mimi sizikubali hata hizo. Kuhusu maji kupoa njiani, fundi wako alitia chumvi. Mita 2 za bomba la nusu inchi hubeba chini ya nusu lita ya maji, yaani sekunde chache za kusubiri, na hakuna familia inayopaswa kununua sekunde hizo kwa bei hiyo.

Uliuliza kuhusu nyanda za juu. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Hita inafaa, ila haina akiba ya hewa ya kuchezea, na uchafu ambao Mombasa usingeonekana, kwenu unatosha kuleta moto wa manjano. Itakaposhushwa ukutani, fundi wa gesi aifungue, apige brashi mapezi ya shaba yaliyo juu ya moto, na achungulie matundu ya kuingizia hewa kwenye njia za moto, kwa sababu buibui hupenda sana kutaga humo na utando wake mwembamba huziba hewa kuliko mtu anavyodhani. Baada ya kusafishwa moto uwe wa buluu kutoka mwanzo hadi mwisho wa safu. Ukibaki wa manjano, isitumike hata huko nje mpaka sababu ipatikane.

Sasa tuje kwenye maji, ambako mafundi wako wote wawili hawakuangalia. Bodi iliyoungua haitoi cheche alfajiri na alasiri. Gesi isiyo na nguvu haichomi mkono. Hita yako, kwa maelezo yako mwenyewe, ina cheche na ina moto. Inachokosa ni maji.

Ndani ya hita hizi kuna kikombe cha shaba chenye raba nyembamba iliyolala kama ngozi ya ngoma. Maji yakipita kwa kasi ya kutosha, raba hubonyea na kusukuma kijiti, kijiti hugusa swichi, betri hutoa cheche, na njia ya gesi hufunguka. Mtiririko ukipungua chini ya kiwango, ambacho kwa hita nyingi za ukubwa wako ni lita 2 na nusu hadi 3 kwa dakika, raba hurudi na gesi hufungwa. Hapo hakuna kilichoharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa ili isiunguze bomba tupu. Boila hasa, zile za Ulaya zinazopasha nyumba nzima pamoja na maji ya bomba, nazo huanza kwa kuhisi maji yanayopita, lakini zina akili ya kupunguza moto wenyewe maji yakipungua. Hita za kawaida kama yako hazina akili hiyo. Moto wake ni uleule, upitishe maji mengi au machache.

Hilo ndilo fumbo la kuchoma na kuzima. Lita 6 maana yake ni kwamba, moto ukiwa kamili, hita inaweza kupandisha joto la lita 6 kwa dakika kwa nyuzi 25. Tuseme maji ya tangi lako alfajiri yana nyuzi 15. Yakipita lita 6, yanatoka na nyuzi 40, ambazo ni maji mazuri ya kuoga. Yakipita lita 3, moto uleule unayapandisha nyuzi 50, yanatoka na nyuzi 65, na ngozi haivumilii hizo. Wewe unafanya ambacho yeyote angefanya, unafungua maji baridi. Lakini baridi na moto vinatoka tangi moja, kwa hiyo kila tone unalolipa bomba la baridi umelinyang'anya hita. Lita 3 zinakuwa 2, raba inarudi, moto unazima. Ukifunga ya baridi, hita inapata lita zake 3 na kuanza upya kukuchoma. Kosa linafichwa na jambo moja: joto kali humfanya mtu aamini kwamba hita ina nguvu kupita kiasi, kumbe ni maji yaliyopungua.

Kitufe cha tone la maji kimeongeza tatizo. Katika hita nyingi kitufe hicho hakigusi moto kabisa. Kinabana njia ya maji, na ndiyo sababu upande wa joto kubwa huwa ni upande wa maji machache. Kwa kukizungusha hadi mwisho, umeibana hita koo pale ambapo ilikuwa inahema. Kirudishe upande wa maji mengi. Halafu punguza moto kwa kitufe cha gesi, chenye picha ya mwali, na kama kuna cha tatu chenye picha ya jua na theluji, kiweke kwenye jua, kwa sababu kinazima baadhi ya njia za moto. Kuanzia hapo joto linapangwa kwenye hita yenyewe, na bomba la baridi la shawa linabaki limefungwa wakati wa kuoga. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Na kwa nini alasiri mambo ni shwari? Jibu umeliandika mwenyewe: maji huja mchana. Kinachosukuma maji ya tangi ni kimo tu, tofauti kati ya uso wa maji tangini na kichwa cha shawa. Mita 10 za kimo hutoa baa 1 ya presha, hivyo mita 1 hutoa sehemu ya kumi tu. Chini ya tangi lako ni mita 3 kutoka ardhini, na tuseme shawa iko mita 2. Tangi likijaa kwa mchana, lina maji ya kina cha zaidi ya mita 1 na unapata kimo cha mita 2 na kitu. Usiku mnapika, mnaosha vyombo, wajukuu wanaoga, na ikifika alfajiri maji yamebaki robo; kimo kimeshuka hadi mita 1 na kidogo. Soma lebo iliyo ubavuni mwa hita: presha ya chini kabisa mara nyingi imeandikwa MPa 0.02 au 0.025, ambayo ni sawa na mita 2 au 2 na nusu za kimo. Alasiri hita yako inapita mtihani kwa alama moja, na alfajiri inafeli.

Kabla ya kutoa fedha, pima. Chukua jerikani la lita 5 lililokatwa mdomo, kama lile la kuchotea maji, funga gesi, fungua maji ya moto peke yake, na uhesabu kwa saa ya simu. Likijaa kwa sekunde 60, unapata lita 5 kwa dakika na hita haina sababu ya kulalamika. Likichukua sekunde 100, uko kwenye lita 3, ukingoni kabisa. Pima saa 12 asubuhi na upime tena alasiri, na kila mara rudia ukiwa umefungua kichwa cha shawa na kukiweka pembeni. Iwapo tofauti ni kubwa bila kichwa, basi kichwa chenyewe kimeziba, na kukiloweka usiku kucha kwenye siki kunaweza kumaliza nusu ya shida. Vilevile, mahali bomba linapoingia kwenye hita pana kichujio kidogo cha wavu, chenye ukubwa wa kofia ya kidole ya kushonea. Funga maji, kifungue kwa spana, kioshe. Nimewahi kukuta ndani yake mchanga, nyuzi za katani zilizoachwa na fundi bomba, na kipande cha jani kutoka kwenye mfereji wa bati la mtu aliyekuwa akichanganya maji ya mvua tangini.

Baada ya hayo ndipo ufikirie kazi kubwa. Ikiwa bomba kutoka tangini hadi bafuni ni refu na ni la nusu inchi, libadilishwe liwe la robo tatu hadi mlangoni mwa hita. Kwenye presha ndogo kama yako, wembamba wa bomba unakula maji mengi. Kisha kuna kuinua stendi au kuweka pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayowaka yenyewe maji yakianza kutembea. Pampu ni rahisi kufunga na inamaliza kazi kwa siku moja, lakini umeme ukikatika, umerudi ulipokuwa. Mimi ningeinua stendi hadi mita 6, kwa chuma kinene na msingi wa zege, kwa sababu tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima na halitaki stendi ya kubahatisha. Kimo hakikatiki umeme.

Kuhusu regyuleta ya hotelini, kataa kabisa. Hita za nyumbani hutengenezwa kwa gesi ya presha ndogo, takriban milibaa 28 hadi 30, na kiwango chake kimeandikwa kwenye lebo ileile. Regyuleta ya majiko makubwa hutoa presha inayozidi hiyo kwa mara kadhaa. Itatoa ndimi za moto nje ya hita, itararua viungo vya ndani, na itaongeza masizi yaleyale yanayomuumiza mama kichwa. Hata hivyo fundi wako wa pili hakukosea kwa kila jambo. Mtungi wa kilo 6 ni mdogo kwa hita. Moto wako ukiwa kamili unakula gesi karibu kilo 1 kwa saa, na gesi iliyo mtungini ni kimiminika kinachohitaji joto la nje ili kigeuke mvuke. Alfajiri ya Kabale, mtungi mdogo uliobaki robo hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo, na utauona umetoka jasho, wa baridi sana ukiugusa. Wapo wanaoumwagia maji yanayochemka au kuulaza ubavu ili kukamua gesi ya mwisho. Usithubutu: ukilazwa, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye mpira na moto unalipuka usoni mwa mtu. Nunua mtungi wa kilo 12 au 13, na huo wa kilo 6 uuachie jikoni. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja.

Betri zibadilishe tu, hata kama cheche bado ipo, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo na zikichoka hita hukata moto katikati bila kutoa sababu. Nyingi ya hita hizi pia hujizima baada ya dakika 20 za kuwaka mfululizo, kwa usalama. Mjukuu anayeimba bafuni asije akasema imeharibika tena.

Usinunue hita mpya sasa. Mpya ikifungwa kwenye bomba lilelile, chini ya tangi lilelile, itafanya yaleyale, na siku utakapolazimika kununua, uliza iliyoandikwa kwamba inawaka kwa presha ndogo ya maji. Wiki hii ogeni maji ya sufuria. Hita itoke nje kwanza, isafishwe, vitufe virudishwe sawa, kichujio kioshwe, ndipo upime kwa jerikani. Ukiona saa 12 asubuhi linajaa kwa dakika moja na hita bado haiwaki, niandikie tena, maana hapo mshukiwa atakuwa ile raba ya ndani iliyokakamaa au kutoboka, na raba huuzwa peke yake.